Modemu ya Zigbee ya Sonoff ZBDongle-P: miezi minne kwenye nyumba ya mama, Bagamoyo

"Mwanangu, taa ya korido haikuniona usiku."

Mama alinipigia Jumapili moja ya mwezi wa nne, mara tu baada ya swala ya alfajiri. Kwake taa za nyumba ile haziwaki wala hazizimiki, zinamwona. Akiamka saa tisa usiku kwenda chooni, sensa iliyobandikwa chini karibu na sakafu inamnasa, taa ya korido inawaka kwa mwanga hafifu, ya chooni inafuata, naye anakwenda na kurudi bila kugusa ukuta. Ana miaka 74 na goti la kulia limefanyiwa operesheni. Miaka miwili kabla ya hapo alianguka kwenye korido hiyohiyo akipapasa swichi gizani, na ndiyo sababu niliufunga mfumo huu. Niliposikia taa haikumwona, usingizi ulinikatika palepale.

Usiku ule mvua ya masika ilinyesha na radi zake, umeme ukakatika na kurudi mara tatu. Mama alikwenda chooni kwa kushika ukuta, hatua kwa hatua, akarudi salama. Aliniambia kwa utulivu kabisa, kama mtu anayekujulisha kwamba sukari imekwisha. Mimi nilikuwa Tabata, Dar es Salaam, nimekaa kitandani, mikono inatetemeka.

Nataka kuitathmini modemu niliyonunua baada ya ile ya kwanza kufa. Lakini uzuri wa kifaa cha aina hii huonekana siku ya kubadilisha, kwa hiyo itabidi nianze na msiba wa ile ya zamani.

Kwa ambaye hajawahi kuviona vitu hivi: nyumbani kwa mama kuna kompyuta ndogo, Raspberry Pi 4, inayoendesha Home Assistant, programu ya kusimamia vifaa vya nyumba. Hiyo ndiyo akili. Akili hiyo haina mdomo wa kuzungumza na taa, na mdomo wake ni kijiti cha USB kinachofanana na zile modemu za intaneti tulizokuwa tukichomeka kwenye laptopu zamani. Kwa sababu ya sura yake hata mama anakiita modemu, nami nitakiita hivyo. Kinatumia redio ya Zigbee, masafa ya gigahezi 2.4, na hakihitaji intaneti wala laini ya simu. Bando likiisha, taa zinaendelea kumwona mama. Nyumba ina vifaa 27: taa 9, swichi za ukutani 6, plagi 3, sensa za mwendo 5, sensa za milango 2 na vitufe 2. Vile 18 vinavyokula umeme wa ukutani hupokezana ujumbe, hiki kinampa kile, mpaka ufike kwa modemu. Bila kupokezana huko nisingefika popote, maana nyumba ya marehemu baba ni ya mawe na chokaa, na kuta zake ni nene kiasi kwamba hata simu ukiingia chumba cha nyuma inapoteza mtandao.

Modemu ikifa, taa zote ni nzima, sensa zote ni nzima, akili ni nzima, na hakuna anayemsikia mwenzake.

Kufa kwenyewe kulianza mapema kuliko nilivyofikiri. Wiki mbili kabla ya ile Jumapili, sensa ya mlango wa jikoni ilianza kupotea na kurudi. Nikadhani betri. Nilimtuma mtoto wa jirani abadilishe betri, zile duara bapa za CR2032, nikaona hali ni ileile. Ndipo nikafanya kosa ambalo naomba asilirudie mtu: niliifuta sensa ile kwenye mfumo kwa nia ya kuiunganisha upya. Kufuta kulikubali. Kuunganisha kukagoma. Sensa moja ikawa imepotea kwa mkono wangu mwenyewe, na shida haikuwa kwake. Vifaa vikianza kupotea kimoja hapa kingine kule, acha kugusa vifaa, mwangalie anayevisikiliza vyote.

Jumapili ile, kabla ya kutafuta usafiri, nilifungua Home Assistant kwenye simu. Ilifunguka, kwa hiyo akili ilikuwa hai. Ila sehemu ya Zigbee ilikuwa nyekundu, imeshindwa kuanza, na kwenye logi, yaani kumbukumbu za mfumo, kulikuwa na mstari uleule unaojirudia kila baada ya muda: mlango wa modemu haufunguki. Nikaiamuru kompyuta ijiwashe upya nikiwa palepale Tabata. Mstari uleule. Nikafungasha laptopu, mita ya kupimia umeme, flashi mbili na adapta ya akiba, nikaenda Makumbusho kupanda basi la Bagamoyo.

Nilipofika nilimwamkia mama, nikanywa chai maana hakuna kazi inayoanza kabla ya chai kwenye nyumba ile, kisha nikaishika modemu. Ilikuwa ya moto. Siyo ule uvuguvugu wa kawaida wa kifaa kinachofanya kazi. Ilichoma kidole kiasi cha kunifanya niachie. Taa yake ndogo haikuwaka.

Hapo ningeweza kuihukumu mara moja, lakini niliwahi kununua kifaa kipya kumbe ubovu ulikuwa kwenye adapta, na hela ile inaniuma mpaka leo. Nikaanza kuwaondolea tuhuma wengine. Adapta ya Raspberry Pi nilipoipima ilitoa volti 5.1, sawasawa na inavyotakiwa. Mlango wa USB uliokuwa na modemu niliuchomekea flashi, ikasomeka. Modemu nikaihamishia mlango wa pili, wa tatu, wa nne. Kimya. Mwisho nikaichomeka kwenye laptopu yangu ya Linux na kuandika amri mbili. Ya kwanza, lsusb, hutaja kila kilichochomekwa, haikuitaja. Ya pili, dmesg, huonyesha maneno ya mfumo wenyewe, na hapo nikakuta "device descriptor read/64, error -71". Maana yake laptopu imehisi kitu kimechomekwa, imekiuliza wewe ni nani, na jibu halikueleweka. Ujumbe huo ukiupata kwenye kompyuta mbili tofauti zenye milango mizima, mgonjwa umeshampata.

Niliacha taa ya korido ikiwaka usiku kucha kwa swichi ya ukutani, nikamwomba mama asiizime, nikarudi mjini na modemu mfukoni. Swichi zile nilizifunga kwa namna ambayo mkono wa mtu unafanya kazi hata mfumo ukilala, na siku hiyo nilishukuru. Ukimfungia mzee mfumo wa namna hii, tafadhali usimwondolee swichi za ukutani.

Jumatatu baada ya kazi nilipita Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, kwa fundi wa simu ninayemwamini. Huyu naye anastahili tathmini yake. Meza yake haizidi upana wa mlango, ina hadubini, blowa, mita, na kopo la brashi za meno zilizozeeka.

"Habari za kazi, fundi."

"Salama dada, karibu. Leo umeleta simu gani?"

Nikamweleza si simu. Hakuwahi kuiona modemu ya Zigbee, na hakujifanya anaijua. Aliipasua ganda kwa kadi ya plastiki, akaiweka chini ya hadubini, akanisogezea kiti nitazame mwenyewe. Kando ya kichomekeo cha antena palikuwa na kutu ya kijani, laini kama ukungu wa mkate, imetambaa mpaka kwenye vipande vidogo vya jirani. "Hii inakaa karibu na bahari?" akauliza. Nikamwambia Bagamoyo. Akatikisa kichwa kama daktari aliyeona picha ya mapafu.

Aliipiga spiriti, akaisugua taratibu kwa brashi, akaikausha kwa blowa. Kisha akaweka ncha moja ya mita kwenye njia ya volti 3.3 na nyingine kwenye ethi, na mita ikalia. Pale haitakiwi kulia. Mlio ule ni shoti: umeme unaotakiwa kuilisha chipu unamwagika wote ardhini, ndiyo maana ilikuwa ya moto. Akasema kuna watuhumiwa wawili, regyuleta inayoshusha volti 5 kuwa 3.3, au chipu ya redio yenyewe. Regyuleta inabadilishika. Akaipasha moto kwa blowa, akaing'oa kwa kibano, kitu kidogo kuliko punje ya mchele, akapima tena upande wa chipu.

Mita ikalia tena.

"Dada, regyuleta nilikuwa nayo ya kukuwekea. Lakini shoti iko ndani ya chipu. Nikikuambia itapona nitakuwa nakula hela yako."

Alichukua shilingi 5,000 za kupima, akanirudishia vipande vyote kwenye mfuko wa plastiki. Kutu pekee ndiyo iliyoua, au kutu ilidhoofisha na umeme wa kurudirudi ukamalizia, sote wawili hatukuweza kuapa. Modemu ile sitaitaja jina, kwa sababu ganda lake lilikuwa na nyufa ambazo niliziona tangu siku ya kwanza na bado nikaiweka kwenye nyumba iliyo mita mia chache kutoka baharini.

Sasa ndio nije kwenye niliyonunua.

Niliitaka Sonoff ZBDongle-P, na jambo la kwanza la kulalamikia ni jina. Kampuni ileile ina ZBDongle-E. Boksi zinafanana, umbo ni lilelile, antena ileile, na muuzaji wa duka nililoingia alinipa E akisema "ni ileile, dada". Si ileile. P ina chipu ya Texas Instruments, CC2652P. E ina chipu ya Silicon Labs, EFR32MG21. Zote zina nguvu ya kurusha ya dBm 20, zote zinafanya kazi na Home Assistant, na sisemi E ni mbaya. Ila modemu yangu iliyokufa ilikuwa ya ukoo wa Texas Instruments, na nilikuwa na sababu nyingine nzito zaidi, ambayo ni anwani.

Hapa niombe nivumiliwe kidogo, maana ndipo penye uhai wa jambo lote.

Kila modemu ya Zigbee inatoka kiwandani na anwani yake, tarakimu ambazo hakuna modemu nyingine duniani inayo. Juu ya hiyo, unapoanzisha mtandao, modemu inaunda utambulisho wa mtandao, inachagua chaneli, na inatengeneza ufunguo wa siri wa biti 128. Kila taa na kila sensa inayojiunga inapewa ufunguo huo na inamkariri mwenye mtandao kwa anwani yake. Ukileta modemu mpya bila hayo, kwa taa za mama ni mgeni aliyegonga mlango usiku. Hazifungui. Itabidi uziunganishe upya moja moja, 27 zote, upande ngazi, ufungue swichi ukutani, ubonyeze vitufe kwa ncha ya pini. Niliwahi kuifanya kazi hiyo mara ya kwanza na ilinichukua siku mbili nzima.

Lakini kama una bakapu, yaani nakala ya akiba, yote hayo yanahamishika. Sehemu ya Zigbee ya Home Assistant, ile inayoitwa ZHA, huchukua bakapu ya modemu yenyewe bila kuambiwa: ufunguo, utambulisho, chaneli, anwani, na hata hesabu ya ujumbe. Hesabu hiyo watu hawaifikirii. Kila ujumbe una namba inayopanda, na kifaa kikipokea namba ndogo kuliko ya mwisho kilichoiona, kinautupa kikidhani ni mtu anayerudia maneno ya zamani kwa hila. Kwa hiyo bakapu inaporudishwa, hesabu inasogezwa mbele ili modemu mpya isianze chini.

Anwani ndiyo iliyonifanya niing'ang'anie P. Kwenye chipu yake unaweza kuandika anwani ya zamani juu ya ile ya kiwandani, na ukaiandika tena baadaye ukihitaji. Kwenye ukoo wa E, kutegemea programu iliyomo ndani, huenda ukaruhusiwa mara moja tu. Nilimweleza muuzaji, akapanda ngazi, akakaa huko dakika kumi, akashuka na P. Nililipa shilingi 85,000. Ukienda kununua, soma herufi ya mwisho kwenye boksi kwa macho yako.

Nikiwa mjini, kabla ya kupanda basi tena, niliingia kwenye mfumo wa mama kwa simu kuhakikisha bakapu ipo na ni ya lini. Ilikuwepo, ya siku moja kabla ya modemu kufa. Nilikaa kituoni Makumbusho nikiitazama tarehe ile kwenye skrini kama mtu aliyeokota pochi yake aliyoidondosha.

Jumamosi asubuhi nikafika. Ndani ya boksi mna modemu, antena, na karatasi ya maelezo yenye maandishi madogo mno. Waya wa nyongeza wa USB hamna, na hili ni lalamiko langu la pili, kwa sababu waya ule si anasa. Milango ya bluu ya Raspberry Pi 4 ni ya USB 3, na USB 3 inapofanya kazi hutoa kelele za redio kwenye masafa yaleyale ya gigahezi 2.4, Intel wenyewe walilichapisha jambo hili mwaka 2012. Modemu ukiichomeka moja kwa moja pale unaiweka karibu na spika inayopiga muziki kisha unaitaka isikie mtu anayenong'ona chumba cha nyuma. Nilinunua waya wa mita moja na nusu, nikauchomeka kwenye mlango mweusi, yaani USB 2, nikaipandisha modemu juu ya kabati. Modemu yenyewe ni pana kiasi cha kubana mlango wa jirani, kwa hiyo hata kwa hilo waya unasaidia.

Ganda lake ni la alumini, limefungwa kwa skrubu, na nilipolishika tu nikaona tofauti na lile la zamani. Antena inazungushwa mpaka ikaze. Ikaze kwelikweli, maana ya kwangu nililegeza kidogo nikiielekeza na mawimbi yakashuka papo hapo.

Home Assistant iliiona yenyewe. Sikuchagua kuanzisha mtandao mpya; nilichagua kuhamisha. Ikaniuliza nitumie bakapu ipi, nikachagua ya mwisho. Kwa chipu ya P, anwani ya zamani huandikwa yenyewe juu ya mpya; kwenye ukoo wa E huja kwanza kisanduku kinachouliza kama iandikwe.  Ukikiacha bila tiki, vifaa vinaweza kuonekana vimerudi, na baadhi ya sensa zikaendelea kutuma habari zake kwa marehemu. Nikasubiri, na kwa dakika kama mbili hakuna kilichotokea.

Mama alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha ukindu mlangoni mwa korido, akinitazama bila kusema neno.

Taa ya kwanza kurudi ilikuwa ya barazani. Ikafuata plagi ya friji. Baada ya dakika tano, kati ya vile 18 vya umeme wa ukutani, 14 vilikuwa hewani. Vinne vilivyobaki nilivizima na kuviwasha kwa swichi vikakumbuka. Sensa za betri huwa zimelala, zinaamka zinapokuwa na la kusema, kwa hiyo hizo huwezi kuziharakisha. Nikamwomba mama apite. Alisimama, akashika fimbo yake, akatembea kuelekea chooni mchana kweupe. Sensa ya kwanza ikapepesa. Taa ya korido ikawaka.

"Imeniona," akasema, na akaendelea na safari yake.

Hadi usiku sensa zote zilikuwa zimerudi isipokuwa moja, ile ya mlango wa jikoni niliyoifuta. Hiyo niliiunganisha upya kwa mkono, na nikaandika upya maagizo yaliyokuwa yanaitegemea. Vingine 26 havikujua kama kuna aliyekufa.

Siku hiyo nilifanya na jambo jingine ambalo nilipaswa kulifanya tangu mwanzo. Kitufe cha pembeni ya kitanda cha mama nilikifunga moja kwa moja na taa ya chumbani kwake, yaani Zigbee inaruhusu kitufe kuzungumza na taa bila kupitia kwa modemu. Nikaichomoa modemu kwa makusudi, mama akabonyeza, taa ikawaka. Sensa ya korido bado inategemea akili, lakini mama akiwa kitandani hatakosa mwanga tena hata kila kitu kingine kikilala, ilimradi umeme upo. Nikabadilisha pia namna taa zinavyojiwasha umeme ukirudi. Zamani zilikuwa zinawaka zote kwa nguvu zote, hata saa nane usiku, na mama alikuwa anashtuka. Sasa kila moja inarudi kwenye hali iliyokuwa nayo.

Miezi minne baadaye hali ni hivi. Hakuna kifaa kilichopotea hata mara moja. Sensa ya chumba cha nyuma, ambayo kwa modemu ya zamani ubora wa mawimbi yake ulikuwa unacheza kwenye 60 kati ya 255, sasa haishuki chini ya 130, ingawa sehemu ya sifa hiyo ni ya waya wa nyongeza na kabati. Niliacha chaneli ya Zigbee palepale ilipokuwa, 25, na Wi-Fi ya nyumba iko chaneli 1, hivyo hazikanyagani. Umeme umekatika mara nyingi tu, na kila ukirudi mfumo unasimama wenyewe. Ikiguswa ni vuguvugu, basi. Nimeizungushia chombo cha plastiki cha kuhifadhia chakula, kimetobolewa kwa ajili ya waya na hewa, na ndani nimeweka vile vipakiti vya kunyonya unyevu. Usiweke kwenye kopo la bati, mawimbi hayapiti.

Kuna watakaouliza kwa nini nisinunue mfumo wa kampuni moja, ulio tayari, unaoendeshwa kutoka mtandaoni. Jibu langu ni Aprili 2022, pale seva za Insteon, kampuni ya Marekani ya mifumo ya namna hiyo, zilipozimwa ghafla, na watu waliokuwa wamezifungia nyumba zao mfumo ule wakaamka programu ya simu haifunguki. Miezi michache baadaye kundi la watumiaji wenyewe liliinunua kampuni na kuwasha seva upya. Nawapongeza kwa dhati, lakini mimi sina kundi la kumnunulia mama kampuni. Nina modemu ya shilingi 85,000 inayouzwa Kariakoo, programu ya bure, na bakapu ambayo ni yangu.

Bakapu hiyo sasa ipo sehemu tatu: kwenye Raspberry Pi, kwenye laptopu yangu, na kwenye flashi iliyo kwa dada yangu Morogoro. Matoleo mapya ya Home Assistant hufunga bakapu kwa ufunguo wa siri, kwa hiyo nimeuchapisha ufunguo kwenye karatasi. Usipouhifadhi, una faili lisilofunguka.

Kama nyota zinahitajika, modemu naipa nne kati ya tano. Nyota moja nimeikata kwa kukosa waya na kwa zile herufi mbili zinazowapotosha wauzaji. Fundi wa Mtaa wa Aggrey nampa tano, na amekataa nilipotaka kumwongezea hela.

Wiki iliyopita nimenunua P ya pili. Ipo kwenye boksi lake ndani ya kabati la vyombo la mama, rafu ya juu, mbali na jiko. Nimebandika karatasi yenye maandishi makubwa: waya mweusi, mlango mweusi, kisha mpigie simu mwanao. Nilimwonyesha mtoto wa jirani, akaichomoa ile inayotumika na kuirudisha mara tatu mbele yangu mpaka nikaridhika. Mama akasema amechoka kututazama, tuje tule.